Kamba Isiyofika Ukutani

Kambove, tarehe 2 Septemba 2024

Baba Elie,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako unaiacha mezani ghalani, na kila anayekuja kuchukua dawa huipokea kabla yako. Dada yangu bado hawezi kusimama, kwa hiyo sirudi Likasi mwezi huu.

Sasa kaa chini. Jenny ana mimba. Ameniambia mimi, mama mkwe wake, na zaidi yangu anajua mumewe Elie peke yake. Mbili zilizotangulia zilitoka kabla hata majirani hawajaziona. Hii anaishika kwa mikono miwili. Lakini kila siku anapiga watu radio, zile picha za mifupa, akiwa amesimama wazi, karibu kabisa na mashine, kwa sababu kamba ya clavier, kile kibao cha herufi anachobonyeza, haifiki nyuma ya ukuta wa kujikinga. Lile koti zito la plomb, madini ya risasi, wanalomvalisha limepasuka mahali linapokunjwa, napo ni tumboni. Aliniambia kwa sauti ndogo, kama mtu anayeungama kosa lisilo lake.

Kwa msimamizi wenu Kitenge hawezi kwenda. Unamkumbuka Cathy, aliyekuwa kwenye mashine hiyo kabla yake. Msimamizi alipojua ana mimba alimwambia aende akapumzike, na mpaka leo anapumzika.

Wewe ndiye mwenye ghala. Tafuta kamba ndefu. Ila Jenny asijue kwamba unajua, na mimi sikukuambia kitu.

Henriette


Likasi, Shituru, tarehe 5 Septemba 2024

Kwa Bwana Germain, Fundi wa Tarakilishi, Bel-Air, Lubumbashi

Kuhusu: ombi la kamba ndefu ya clavier

Bwana Fundi,

Kwa heshima inayostahili kazi ya mikono yako, mimi niliyetia sahihi hapa chini, Numbi Nicolas, mtunza ghala wa zahanati, najitokeza mbele yako kwa njia ya waraka huu unaoletwa na Bwana Dodo, dereva wa basi. Hatujapata kuonana. Jina lako nimelipata kwake, naye amenihakikishia kwamba hutupi chombo kwa kosa la kuzeeka.

Jambo lenyewe ni hili. Zahanati yetu ina mashine ya radio, ile ya kupiga picha za mifupa, inayoongozwa na tarakilishi ya zamani ambayo watu wa hapa huiita ordinateur. Kitufe cha mkononi cha kupigia picha kilikufa zamani. Tangu wakati huo picha hupigwa kwa kubonyeza clavier. Kamba ya clavier hiyo, Bwana Fundi, ni fupi. Upo ukuta wenye bamba la plomb uliojengwa ili mpiga picha ajifiche miale, lakini kamba haifiki ukutani. Mpiga picha anabaki upande wa mgonjwa na kuipokea miale bila kuwa na ugonjwa.

Fiche yake, yaani kichwa cha kuchomekea, ni ya duara, pana kama kidole gumba, yenye meno matano. Dukani Likasi wameitazama wakacheka. Naomba kamba ya kuiunganisha nayo, yenye urefu wa mita nne, na gharama iwe juu yangu binafsi. Niliwahi kumgusia msimamizi wetu, Bwana Kitenge, naye akajibu kwamba koti linatosha.

Jambo hili lina haraka ambayo sitaiandika.

Nikitumaini kwamba ombi hili litapata sikio lako, nabaki wako mtiifu,

Numbi Nicolas
Mtunza Ghala


Lubumbashi, 10/9

Papa Numbi,

Mukanda yako, ile barua, Dodo aliniletea. Niliisoma mara mbili, bibi yangu, mama ya batoto, akauliza kama ni padri ananiandikia.

Kwanza, ni clavier ya ordinateur ao ya chorale? Nacheka tu, Papa. Lakini hapa bantu ya kanisa njo banakuyaka kila siku na kamba ya clavier, na minye sitaki kulehemu kintu ya kuimba halafu ifike ku bagonjwa.

Ya pili, juu ya nini hamusogeze ordinateur yenyewe nyuma ya ukuta? Ya tatu, juu ya nini hamununue clavier ya sasa?

Kamba naweza kuitengeneza. Fiche ya meno tano niko nayo mu carton ya bintu ya zamani. Lakini usikubali muntu akufungie waya na scotch, ile utepe ya kunata, tu. Kamba murefu iko sawa sikio murefu, inasikia hata maneno ya bengine. Ikipita karibu na ile machine, itasikia makelele yake, na ordinateur itazania muntu amebonyeza. Picha itajipiga yenyewe, na muntu angali amesimama pale. Inaomba waya yenye kuvaa nyavu ya shaba, na nyavu ile ilehemiwe muzuri ku bichwa mbili zote.

Kazi iko mingi hapa, mpaka mwezi ya kumi. Kama weye uko na haraka, uniambie ni haraka ya nini, nikupitishe mbele.

Germain


Likasi, Shituru, tarehe 13 Septemba 2024

Bwana Fundi Germain,

Jibu lako nimelipokea na kulitafakari. Nakujibu kwa mpangilio wa maswali yako.

Ni clavier ya tarakilishi. Chorale ya parokia yetu inayo yake, nayo haina kasoro isipokuwa mpigaji.

Tarakilishi haisogezwi kwa sababu imefungwa kwenye mashine kwa nyaya nene na fupi ambazo hakuna aliye tayari kuzigusa. Clavier ya kisasa haina fiche ya namna ile, na tarakilishi haitambui nyingine.

Umeuliza haraka yatoka wapi. Swali lako ni halali. Anayebonyeza ni Bi. Jenny, mke wa mwanangu. Yapo mambo ambayo kinywa cha baba mkwe hakiruhusiwi kuyatamka, na kalamu yake vilevile, nami sitaanza leo kuivunja adabu ya wazee wangu. Nitasema kwa lugha ya staha, nawe u mtu mzima, utanielewa.

Bi. Jenny anabeba mzigo. Ni mzigo wa thamani kuliko vyote vilivyopata kuingia katika jengo hili. Ameubeba tangu mwezi wa sita. Msimamizi hajui, na hapaswi kujua, maana akiugundua Bi. Jenny ataondolewa kazini siku hiyohiyo. Mizigo miwili iliyotangulia ilipotea njiani. Huu wa tatu hauna budi kufika. Mwenye kuungojea yuko Mwadingusha, na anauliza habari zake kila apatapo simu. Ndiyo sababu Bi. Jenny ahitaji kukaa nyuma ya ukuta kila mashine inapofanya kazi.

Neno hili nalikabidhi kwa uaminifu wako. Lisitoke kwako.

Nabaki wako katika heshima,

Numbi Nicolas
Mtunza Ghala


Lubumbashi, 18/9

Papa Numbi,

Nilizania weye ni muntu wa Mungu. Sasa nimesikia muzuri.

Minye nilizaliwa Kambove. Muzigo naijua, ni sac ya minerai, gunia ya mawe ya machimbo. Na ku dépôt balipo bananunua mawe, naonaka machine yabo ya rayons, miale, ya kupima kama jiwe iko na cuivre, shaba, mingi ao kidogo. Basi munapima mawe ya bantu na machine ya bagonjwa. Mwanamuke wa mutoto yako anabeba, anajificha nyuma ya ukuta. Sac mbili zilipotea, ya tatu inaenda Mwadingusha, kule kuko muntu anaingojea. Chef hajue. Na munataka minye njo nilehemu kamba.

Mwaka ya jana ndugu yangu alifungwa juu ya sac moya yenye haikukuwa hata yake. Mama yetu angali anamupelekea chakula.

Kamba nilikuwa nimeianza. Nimeitupa chini ya meza. Na juu jina yangu isiingie mu mambo yenu, nitamupigia Kitenge simu. Numero yake iko pale juu ya mukanda yako. Weye mwenyewe uliandika ku karatasi ya zahanati.

Usinitumie Dodo tena.

Germain


Likasi, tarehe 20 Septemba 2024

Mama Elie,

Ambatisho la barua hii ni waraka wa yule fundi. Usome ukiwa umeketi. Mimi niliusoma nimesimama.

Nilichagua maneno kwa uangalifu. Nilifuata njia ya wazee, ambao hawakutaja mambo hayo uchi. Naye ameokota neno langu akalitia vumbi la machimboni. Sasa anataka kumpigia simu Bwana Kitenge, na Bwana Kitenge akianza kutafuta mzigo, ataupata ulipo.

Kuna jambo la pili. Huko Kambove mmesikia habari za lile shimo la machimbo lililoporomoka. Majeruhi waliletwa kwetu, wakalazwa mpaka uani. Jenny alipiga picha moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimepeleka bandeji, nikamwona anavyosimama, mkono mmoja kwenye clavier na mwingine ukilishika lile koti pale lilipopasuka.  Niliingia, nikaichukua clavier mkononi mwake. Alinipisha bila kunitazama, akaenda nyuma ya ukuta. Kutoka huko akawa ananiambia lini nibonyeze, nami nikabonyeza. Tuliendelea hivyo kwa muda.

Ndipo Bwana Kitenge akaingia. Aliuliza tangu lini magasinier, mtunza ghala, amekuwa mpiga radio. Nilijibu kwamba nilikuwa nasaidia. Alinitoa mbele ya wagonjwa, na leo nimekabidhiwa onyo la maandishi. Nikionekana tena ndani ya chumba hicho, kazi yangu itakuwa imekwisha. Jenny akarudi mahali pake, wazi.

Nimejaribu kumwandikia fundi upya. Nimeharibu karatasi nyingi. Kila nikilikaribia neno lenyewe, mkono unakataa. Nakusihi umwandikie wewe.

Mumeo,

Numbi


Kambove, tarehe 22 Septemba 2024

Baba Elie,

Siandiki. Aliyeshukiwa ni wewe, na jina lililo kwenye barua ile ni lako. Nikimwandikia mimi, atasema sasa hata mkeo yumo katika genge.

Majeruhi wale niliwaona wakipakiwa garini. Sikujua kwamba ndio waliomsimamisha mkwe wetu mchana kutwa.

Wazee wako walinyamaza kwa sababu kila mtu uani alikuwa na macho na alielewa. Fundi yuko Lubumbashi. Hana macho ya kuona tumbo la Jenny, ana karatasi yako tu. Adabu hiyo unayoilinda, Jenny anailipia kwa mwili wake. Uliweza kuingia chumba kile mbele ya watu wote ukamnyang'anya clavier, na sasa unaogopa neno la herufi tano?

Liandike. Kisha ukapige magoti kanisani ukitaka.

Henriette


Likasi, tarehe 23 Septemba 2024

Bwana Germain,

Jenny ana mimba.

Mzigo niliouandika ni mtoto. Miwili iliyopotea ni mimba zilizoharibika. Anayengoja Mwadingusha ni mume wake, Elie, mwanangu, anayefanya kazi kule bwawani. Hakuna jiwe wala gunia. Mashine inapiga mifupa ya watu, na kila inapopiga, inampiga yeye na aliye ndani yake.

Wewe hukukosea. Mimi ndiye niliyeandika vibaya, nikidhani naandika vizuri.

Nakuomba usimpigie Kitenge. Nakuomba kamba.

Numbi


Lubumbashi, 27/9

Papa Numbi,

Mukanda yako ilifika na minye nilikuwa nimekwisha kumupigia Kitenge. Nilimwambia kuko mizigo mu chumba ya radio, iliingia mwezi ya sita, inaenda Mwadingusha, mwanamuke wa radio njo anabeba. Aliniuliza jina yangu, nikakata.

Kiisha kusoma nilimupigia tena, mara mingi. Hashike. Labda anazania ni bale ba mizigo banataka kumubembeleza. Papa, unisamehe. Bibi yangu alisoma mukanda yako, alinitazama tu, akaenda kulala mu chumba ya batoto. Alipotezaka mimba yetu moya, Papa. Yeye haiko muntu wa kuelezewa mimba ni nini.

Kamba njo hii. Nililehemu fasi kwa fasi, nyavu ya shaba iko ku bichwa mbili zote, nikaijaribu ku ordinateur ya meno tano ya jirani.

Usikilize muzuri. Muzime kila kintu mbele ya kuchomeka. Ukichomeka moto ya umeme ingali ndani, unaweza kuunguza ordinateur, na kamba haitasaidia tena muntu. Kamba ipite ku ukuta, mbali na zile waya nene za machine. Muwashe, mungoje, mutazame écran, ile kioo ya ordinateur. Kama herufi inakuya yenyewe, kama ni moya tu, mutoe kamba na musiweke muntu mbele ya machine. Kama écran inabaki bila herufi, iko muzuri.

Dodo amekatazwa kuipatia muntu mwingine, ni mu mukono yako tu.

Germain


Likasi, Shituru, tarehe 2 Oktoba 2024

Bwana Germain,

Furushi lako nililipokea kwa mkono wa Bwana Dodo asubuhi ya tarehe 30. Nakuandikia yaliyofuata kwa utaratibu yalivyotukia, kwa kuwa unayo haki ya kuyajua.

Nilikuwa nimekwisha kusoma maagizo yako, na sijaikunjua kamba, Bwana Kitenge alipoingia ghalani na polisi wawili. Hakuniamkia. Walifungua kila katoni. Walichoma kijiti katika magunia ya unga wa plasta, wakapiga chafya wote watatu. Msimamizi aliliona furushi mezani, akauliza ni nini. Nikamjibu kwamba ni kamba ya clavier. Alisema hata mtoto angetunga uongo bora, akalitia kwapani, wakaelekea chumba cha radio. Mimi niliwafuata mpaka kizingitini, ambako onyo langu lilinisimamisha.

Mezani alikuwa amelala mchimbaji wa Kambove aliyeumia mbavu. Jenny alikuwa anamweka sawa. Msimamizi akamuuliza mizigo iko wapi.

"Mizigo gani, Chef?"

"Ile iliyoingia mwezi wa sita. Inayongojewa Mwadingusha. Tumeambiwa ni wewe unayebeba."

Jenny aligeuka akanitazama. Tangu aolewe nyumbani kwangu, mkwe wangu hakuwahi kunitazama usoni, nami sikuwahi kumtaka anitazame. Nilijua amekwisha kuelewa kwamba najua, na kwamba nimesema. Sikuinamisha macho, ingawa ndivyo nilivyopaswa.

Alilifungua koti la plomb, akaweka kiganja tumboni.

"Mzigo ni huu. Chukueni basi."

Mmoja wa polisi akavua kofia. Mwingine alimuuliza msimamizi kama walikuwa wameitiwa jambo hili, na wote wawili wakatoka. Bwana Kitenge akamwambia Jenny hapo si mahali pake tena, aende nyumbani akapumzike. Jenny akajibu kwamba atakwenda, ila mtu wa mezani hawezi kukaa hivyo, na hakuna mwingine anayejua mashine. Akauliza ni nani atakayebonyeza.

"Nitabonyeza mimi," msimamizi akasema.

Jenny akamweka mgonjwa tayari, akampa msimamizi clavier, naye akaja kizingitini, akasimama kando yangu.

Bwana Germain, yule msimamizi alifanya kama ambavyo mimi au wewe tungefanya. Aliishika clavier akaanza kwenda nyuma ya ukuta. Kamba ikamkamata. Aliivuta, ikakataa. Alirudi nyuma hatua moja, akatazama mashine, akatazama mahali penyewe alipokuwa amesimama. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, nacho hakikushuka. Mgonjwa, aliyedhani picha imekwisha kupigwa, aliuliza kama anaweza kuinuka.

Nilikuwa na onyo la maandishi mfukoni. Nilisema kutoka kizingitini.

"Bwana Msimamizi, kamba unayo kwapani."

 Aliiweka clavier chini, akalichana furushi, akaitazama kazi yako. Ndipo akaniita ndani. Niliwasomea maagizo yako neno kwa neno, kwa Kiswahili chako, bila kulisahihisha hata moja. Tulizima kila kitu. Jenny alichomeka fiche zote mbili, akaipitisha kamba ukutani, mbali na nyaya nene. Tukawasha. Taa za clavier hazikuwaka.  Akazima tena, akaisukuma fiche ya pili mpaka ikalia, tukawasha, zikawaka. Kisha tukakaa kuitazama écran. Mashine ilikuwa inanguruma. Nilitazama mahali pale herufi zinapotokea mpaka macho yakatoka machozi, na hapakutokea herufi.

"Endelea na kazi," msimamizi akamwambia Jenny. Hakusema mpaka lini, wala hakumwomba radhi. Hizo siku ambazo Jenny alisimama wazi hakuna fundi awezaye kuzirudisha, na kama zimefanya kitu, bado hatujui. Jana alikwenda kupimwa. Nimeuliza majibu kwa kinywa changu mwenyewe, naye akanijibu kwa kinywa chake, ya kwamba moyo wa mtoto unasikika. Zaidi ya hapo wanatutaka tusubiri.

Lakini nataka ujue juu ya picha ile ya kwanza. Sisi wanaume tulitoka mlangoni. Jenny aliichukua clavier, akatembea, na kamba ikaja nyuma yake, ikapinda ukutani, ikabaki na nyingine ya kutosha sakafuni. Hatukumwona tena. Sauti yake ilitoka nyuma ya ukuta, ikimwambia mchimbaji wa Kambove:

"Vuta pumzi. Usipumue."

Yule mtu akashika pumzi. Bwana Kitenge akashika yake. Nami pia, ingawa mimi sikuwa nimeambiwa. Mashine ikapiga.

"Pumua," akasema.

Numbi Nicolas